Ukienda Mnarani, uliza maji kwanza

Kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, ndiye aliyeanzisha mambo. Matatu yetu ilikuwa imetoka Mombasa asubuhi, ikapita Mtwapa, ikapita mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyojipanga kama askari gwarideni, kisha kwa ghafla ardhi ikakatika na tukajikuta juu ya daraja la Kilifi. Mtoto akachungulia dirishani upande wa kushoto. Akaona maji mapana yaliyotulia tuli, yamezungukwa na miti ya kijani, mashua chache zikielea. Akauliza: "Baba, hili ni ziwa gani?"

Nami nikamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua: "Hii ni bahari, lakini huku imetulia kama ziwa."

Jibu hilo, mpenzi msomaji, nusura litutie msibani siku iliyofuata. Ndiyo maana Jumapili ya leo nakualika Mnarani, mahali ambapo naamini kila familia ya mjini ingefaa kupatembelea angalau mara moja. Lakini kabla hujafungasha mkeka na chupa ya chai, nataka ujue jambo moja ambalo mimi sikuambiwa.

MAHALI PENYEWE

Kila likizo inapokaribia, wazazi hujiuliza swali lile lile: tuwapeleke wapi watoto? Wakazi wengi wa Nairobi na Nakuru hukimbilia Naivasha kwa kuwa ni karibu na kuna mashua na vivuli vya kutandika mkeka. Watu wa Kisumu wana ziwa lao mlangoni. Wa Mombasa nao wamezoea ufuo wa umma wa Bamburi, ambao siku za sikukuu hujaa watu hata ukakosa pa kukanyaga.

Mnarani ni pengine kabisa. Pako ukingo wa kusini wa hori la Kilifi, mkabala na mji wa Kilifi wenyewe, takriban kilomita 60 kaskazini ya Mombasa. Msafiri wa Nairobi anaweza kupanda gari la moshi la reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, akateremka kituo cha Miritini, akaingia mjini Mombasa na kutafuta matatu ya Kilifi au Malindi. Mwambie utingo mapema kwamba unashuka Mnarani, kabla ya daraja. Usiposema, utavushwa, na itakubidi urudi kwa miguu kama tulivyofanya sisi. Hata hivyo sikujuta, kwa sababu mandhari ya kutoka pale darajani ni ya kuvutia mno: mashariki unaona mlango wa hori na bahari kuu nyuma yake, na magharibi unaona maji yakitanuka kuelekea bara hadi yanapopotelea kwenye mikoko. Lakini watoto washikwe mikono, kwani magari hupita kwa kasi.

Daraja hilo lilikamilika mwaka 1991. Kabla ya hapo palikuwa na feri, na safari ya Mombasa na Malindi ilisimama hapa. Magari yalipanga foleni, wasafiri wakashuka kunyoosha miguu, nao wachuuzi wa korosho na madafu wakapata riziki yao. Siku hizi msafiri huvuka kwa muda wa kufumba na kufumbua. Wengi wanaokwenda Watamu na Malindi huyaona maji haya kwa nusu dakika tu, wakasema "Ni pazuri!" kisha wakaendelea na safari.

HILI SI ZIWA

Hori ni mkono wa bahari ulioingia bara. Zamani za kale, wakati usawa wa bahari ulipokuwa chini sana kuliko leo, hapa palikuwa na bonde lililochongwa na mto. Barafu nyingi ya dunia ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikalifunika bonde lile. Hiyo ndiyo sababu kingo za hori zimesimama kama kuta mahali pengi, na ndiyo sababu mkondo wake una kina cha kutosha vyombo vikubwa. Mlango wake wa baharini ni mwembamba, lakini ukipita darajani kuelekea bara, maji hutanuka yakawa kama beseni kubwa. Mawimbi ya bahari kuu hayafiki humo. Hata wakati wa kusi, pepo zinapovuma na kuchafua bahari huko nje, ndani ya hori utakuta maji yametulia.

Utulivu huo ndio unaomhadaa mgeni. Ziwa kama Naivasha hupanda na kushuka kwa misimu na miaka. Lilipofurika mwaka 2020 na kuwafukuza watu katika makazi yao, lilifanya hivyo kwa wiki na miezi. Hori la Kilifi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na dakika chache, kisha hupwa kwa muda kama huo, halafu huanza tena. Siku za bamvua kubwa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita nne, yaani kama kimo cha nyumba ya kawaida isiyokuwa na ghorofa. Hebu fikiri, maji yote hayo hupita katika ule mlango mwembamba, yakiingia na kutoka. Kwa juu utaona kimya. Kwa chini maji yanakwenda mbio.

YALIYOTUKUTA

Tuliwasili ufuoni Mnarani yapata saa nne na nusu asubuhi. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, nasi tuliusifu kwa uzuri wake bila kujua ulichokuwa ukitwambia. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mbele yetu palikuwa na fungu la mchanga mweupe, pana kama uwanja wa kandanda, na baina yake na ufuo palikuwa na kibonde kidogo kilichokuwa na unyevu tu. Watoto wakakivuka kwa kukimbia, wakaanza kucheza mpira. Mke wangu akatandika mkeka. Mimi nikajilaza chini ya kivuli na kufungua gazeti, nikiwa na amani moyoni kwamba watoto wangu wako mbali na maji.

Sikutazama saa. Nilichosikia ni sauti ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichokoa chaza kwenye mawe ya jirani.

"Baba watoto! Waite wanao, maji yaja!"

Niliinua kichwa nikatazama mbele, kule baharini, nikitarajia kuona wimbi. Sikuona wimbi lolote. Maji hayakutoka mbele. Yalikuwa yamezunguka nyuma ya watoto na kukijaza kile kibonde, kimya kimya, bila hata povu. Fungu la mchanga lilikuwa limegeuka kisiwa, na kisiwa chenyewe kilikuwa kikipungua.

Nilipoingia majini yalinifika kiunoni. Mtoto wa miaka saba yangemfika kidevuni, na mkondo ulikuwa ukivuta miguu. Yule mama alikuwa ameshanitangulia, leso zake kaziinua na kuzifunga kiunoni. Akamweka mdogo mgongoni, mimi nikamshika binti yangu mkono mmoja na kaka yake mkono wa pili, tukavuka. Mpira tuliuacha. Tuliutazama ukielea kuelekea bara, ukapita chini ya daraja na kutoweka. Hapo ndipo nilipofahamu nguvu ya maji yale niliyoyaita ziwa.

Nilijaribu kumpa yule mama chochote kitu. Akakataa kata kata.

"Huku maji hayaji kwa kelele, baba," alisema. "Mkija tena, ulizeni maji kwanza. Haya, wafute watoto wasipate baridi." Kisha akarudi kwenye chaza wake, ambao kwa sababu yetu walikuwa wameanza kufunikwa.

Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Kila mtoto wa Mnarani anajua nilichokuwa sijui, na laiti ningemuuliza yeyote njiani angeniambia.

KALENDA ILIYO MBINGUNI

Sasa nikueleze namna ya kuuliza, maana hata ukiwa Nairobi au Eldoret unaweza kuyasoma maji ya Mnarani. Nanyi wanafunzi, sikilizeni vizuri; hili ni somo la sayansi na la jiografia kwa pamoja.

Mwezi huyavuta maji ya bahari. Jua nalo huyavuta, ingawa kwa nguvu pungufu. Mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na nguvu mbili hizo huungana. Hizo ndizo siku za bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hukinzana, na ndipo tunapata maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita moja hivi.

Je, saa? Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao unasogea angani. Baada ya juma moja mambo huwa yamepinduka: maji hujaa kama saa nne asubuhi na hupwa kama saa kumi jioni. Juma jingine likipita, yamerudi yalikoanza.

Wavuvi wa Pwani hawahitaji jedwali lililochapishwa. Wao hufuata tarehe za mwezi mwandamo, zile zile zinazotumiwa na Waislamu kujua Ramadhani na sikukuu. Mwanzo wa mwezi na katikati yake, kama tarehe 15, ni bamvua. Tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Kwa hivyo ukiwa na kalenda yenye tarehe za Kiislamu ukutani, una karibu yote unayohitaji ili kuipanga siku yako. Hata hivyo, hesabu hii ni ya makadirio. Ukishafika, muulize mvuvi au nahodha, naye atakupa saa yenyewe.

Jambo jingine: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa husogea polepole, hata mtu akadhani yamelala. Saa ya pili huongeza mwendo. Ya tatu na ya nne ndizo za kasi kubwa. Baadaye hupungua tena hadi yanapojaa na kutulia kwa muda mfupi. Ukiyajua haya, utafahamu kwamba sisi tuliondolewa pale mambo yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

MAJI YAKIKUPWA: PANDA MJI WA KALE

Je, ukifika na kukuta maji yamekupwa? Usinung'unike. Huo ndio wakati mzuri wa kuyatembelea magofu ya Mnarani, ambayo yako juu ya genge, chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Utapanda ngazi ndefu, na watoto wapewe kazi ya kuzihesabu ili wasilalamike njiani.

Huko juu utakuta mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 17. Kuna msikiti mkubwa wenye kisima, kuna msikiti mdogo, na kuna makaburi, mojawapo likiwa na nguzo ndefu ya mawe iliyosimama kama mnara. Kaburi la namna hiyo ndilo linalosemekana kupapatia mahali hapa jina lake. Tazama kwa makini maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe. Fundi aliyachonga kwa mtindo wa kujikunja na kusukana hata kuyasoma si kazi rahisi. Mibuyu mikubwa imesimama kando, na kivuli chake ni cha bure.

Magofu haya yalichimbuliwa katika miaka ya 1950 na James Kirkman, mtaalamu yule yule aliyechimbua mji wa Gedi, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia. Kirkman alionyesha kwamba jina Kilifi zamani halikuwa la mji mmoja. Mnarani ulikuwa na majirani: Kioni, ng'ambo ya hori, na Kitoka, upande wa Takaungu. Kuhusu kuhamwa kwa Mnarani, wanahistoria hutaja mashambulizi ya Waoromo, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wagalla.

Kabla hujashuka, simama ukingoni mwa genge na uwaulize wanao: kwa nini watu wa kale walijenga hapa? Waache wajibu wenyewe. Wataona kwamba kutoka hapa mtu anauona mlango wa hori na kila chombo kinachoingia. Wataona kwamba jahazi lililoingia humu lilipata kinga ya upepo na mawimbi. Na ukiwaeleza habari za bamvua, wataelewa kwamba nahodha wa wakati huo, asiyekuwa na injini, alingoja maji yajae ili yamwingize, akangoja yapwe ili yamtoe. Waliojenga Mnarani waliyasoma maji kila siku ya maisha yao.

Tafadhali, watoto wasipande juu ya kuta wala makaburi. Mawe hayo yamestahimili mamia ya miaka ya mvua, lakini hayawezi kustahimili viatu vya wanafunzi 40 wa safari ya shule. Isitoshe, pale palikuwa mahali pa ibada na pa kuzikia watu.

MAJI YAKIJAA: PANDA MASHUA

Maji yakianza kujaa, shuka ufuoni ukatafute nahodha. Kanuni ya wenyeji ni nyepesi: ondoka na maji yanayojaa, rudi na maji yanayokupwa. Kama maji yatajaa saa kumi alasiri, ondoka saa nane. Mkondo utakusaidia kwenda bara, utafika kwenye mikoko maji yakiwa tele, na yatakapogeuka yatakurudisha. Ukichelewa kugeuka, mashua inaweza kukwama kwenye matope, na hapo itakubidi ungoje saa kadhaa pamoja na mbu.

Mikoko yenyewe ni darasa. Muulize nahodha akuonyeshe tofauti: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mchu wenye vijizizi vinavyochomoza matopeni kama penseli, muia, na mkandaa. Kwa karne nyingi miti hii imetoa boriti za nyumba za Pwani. Kazi yake kubwa zaidi haionekani kwa urahisi: baina ya mizizi hiyo ndimo samaki wadogo, kamba na kaa wanamojificha na kukua kabla ya kwenda baharini. Ukikata mikoko, umekata samaki wa sahani yako ya kesho.

Ndege nao hawakosekani. Utawaona yangeyange weupe wakisimama kimya kwenye matope, mdiria akipiga mbizi, na pengine furukombe juu ya mti mkavu. Ukizuru kati ya Novemba na Machi, kaa hadi magharibi. Keremkerem wekundu, ambao ni wageni wa msimu huo, hurudi kwa makundi makubwa kulala mikokoni. Watoto wangu, ambao kwa kawaida hawawezi kunyamaza hata kanisani, walinyamaza.

Kwa wale wenye nguvu za mikono, siku hizi kuna vimitumbwi vya kukodi vya kupigwa kasia, vinavyoitwa kayaki, vya mtu mmoja au wawili. Kwa mwanafunzi wa sekondari hiyo ni mazoezi tosha. Asitoke peke yake, na asiuelekee mlango wa hori maji yanapokupwa, kwa maana mkondo humtoa mtu kwenda bahari kuu naye akidhani anapiga kasia vizuri.

Kuogelea kufanywe maji yanapokaribia kujaa na kutulia, karibu na ufuo, mahali ambapo wenyeji wanaogelea. Ukiona ufuo mzuri usiokuwa na mtu hata mmoja, jiulize sababu.

USIKU WA MAJI YANAYOWAKA

Kuna jambo moja ambalo halipatikani Naivasha. Usiku wa giza, pasipokuwa na mwezi, maji ya hori la Kilifi huwaka. Ukitia kasia au mkono majini, cheche za rangi ya samawati hufuata. Si mashetani, kama wengine wanavyowatisha watoto. Ni viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao hutoa mwanga wanapotikiswa. Wapo nyakati zote hawang'ari sawasawa, na mwezi mpevu huufunika mwanga wao, hivyo chagua usiku wa mwisho wa mwezi mwandamo au wa mwanzo wake. Nenda na nahodha anayelijua hori, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, na usiruhusu mtu kuingia majini gizani.

YA TUMBO NA YA MFUKO

Upande wa chakula usiwe na wasiwasi. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mchana kuna samaki wa kukaanga, wali wa nazi na mchicha. Jioni viazi karai hutoka mafutani vikiwa vya moto, pamoja na ukwaju. Watoto wataomba mabuyu ya rangi, nao meno yao yatakuwa mekundu hadi mfike nyumbani. Nunua pia korosho. Kiwanda kikubwa cha korosho cha Kilifi kilifungwa miaka ya 1990, lakini mikorosho bado ipo na kina mama bado wanazikaanga.

Kuhusu gharama, patana na nahodha kabla hujapanda, na mkubaliane ni saa ngapi za safari na mtarudi wakati gani. Uliza pia malipo ya kuingia magofuni na namna yanavyolipwa, kwa kuwa siku hizi malipo mengi ya serikali hufanywa kwa simu.

Taka zako ondoka nazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hapa utaelewa sababu: kinachotupwa ufuoni asubuhi huchukuliwa na maji ya jioni, kisha huishia kwenye mizizi ya mikoko.

USALAMA WA JAMAA YAKO

Wakenya hatujasahau Aprili 29, 1994, siku ambayo feri ilizama Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakapoteza maisha karibu kabisa na ufuo. Watoto wengi wa mjini hukua bila kujua kuogelea, na wazazi wao vivyo hivyo. Kwa hiyo zingatia haya:

Kwanza, kabla ya kutandika mkeka, uliza maji yatajaa saa ngapi, na utazame alama ya unyevu na majani makavu ufuoni. Alama hiyo ndiyo itakayokuonyesha maji hufika wapi.

Pili, mtoto asivuke kibonde chochote kwenda kwenye fungu la mchanga bila mtu mzima, na huyo mtu mzima awe na saa mkononi.

Tatu, usipande chombo kisichokuwa na jaketi za kuokolea maisha za kila abiria, pamoja na watoto. Jaketi livaliwe, lisikaliwe.

Nne, vaeni raba au viatu vya plastiki mkiwa majini. Maganda ya chaza hukata kama wembe. Kwenye mchanga, buruzeni miguu badala ya kuinua, ili taa aliyejificha chini ashtuke na kuondoka kabla hajakanyagwa.

Tano, mkondo ukikuchukua, usipigane nao. Elea, inua mkono, piga kelele, na uogelee kwa kuukata upande kuelekea ufuoni. Aliye nchi kavu asijitose kwa pupa. Arushe kamba au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko. Mara nyingi anayejitosa kuokoa bila kujua kuogelea huwa ndiye maiti wa pili.

Sita, aliyekunywa pombe asiingie majini, wala asikabidhiwe watoto.

Pengine utasema kwamba masharti haya yanaondoa raha. Mimi naona yanaongeza. Tangu siku ile tumerudi Mnarani mara tatu, na kila mara tumefurahi zaidi, kwa sababu siku huwa na mpango wake: maji yakikupwa tuko magofuni au tunatafuta kaa kando ya mawe, yakijaa tuko majini, yakigeuka tunarudi. Hatuyangoji wala hayatukimbizi.

Yule mama wa chaza sikumwona tena. Sikumuuliza hata jina lake, jambo ninalojutia hadi leo. Lakini nadhani angefurahi kumsikia kitinda mimba wangu, ambaye sasa yuko sekondari. Jioni moja, juma la mwisho kabla ya likizo, alitoka uani kwetu Nairobi akatazama juu, akakuta mwezi umekatika nusu. Akarudi ndani akihesabu kwa vidole.

"Baba," akaniambia, "tukifika Mnarani Jumamosi ijayo itakuwa bamvua. Asubuhi twende magofuni. Majini tutaingia alasiri."

Nami sikuwa na la kuongeza. Safari njema, mpenzi msomaji, na ukifika, uliza maji kwanza.